Aliniuliza Mara Moja

Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na moja, nami nilikuwa nimezisoma zote mara nne kabla Rahaf hajaweka kidole chake kwenye kifungu cha tisa. Si kwamba sikukiona. Nilikiona, nikadhani tatizo ni Kijerumani changu.

"Soma tena," alisema Rahaf. "Polepole, kama tuko darasani."

Tulikuwa juu, nyumbani kwao Mji wa Kale, katika chumba cha wageni cha mamake, Bi Mona. Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Februari. Swala imeshatoka, na sauti za wanaume waliokuwa wakirudi zilitufikia kutoka kichochoroni. Rahaf na mimi tulikutana kwenye masomo ya jioni ya Kijerumani. Yeye alijifunza kwa sababu anapenda lugha na amechoka kuuza taa dukani kwa babake. Mimi nilijifunza kwa sababu nilitaka kwenda.

Nikasoma. Mwajiri atampa mwajiriwa chumba kimoja katika bweni la wafanyakazi kwa miaka mitatu ya mwanzo. Watoto hawaruhusiwi kuishi bwenini. Kisha mstari mmoja wa chini: mwajiriwa ameeleza kwamba hahitaji msaada wowote unaohusu familia.

"Umeeleza wewe haya?" Rahaf aliuliza.

"Sikueleza hivyo."

"Basi waliyatoa wapi?"

Nilikuwa namfikiria Ketty, binti yangu wa miaka minne, ambaye asubuhi ile alinifunga kamba za viatu kwa fundo lake la ajabu akaniambia nisizifungue mpaka nirudi. Babake ana nyumba nyingine Kilifi, na hiyo nililia zamani nikamaliza. Ketty ni wangu na wa mamangu.

Mimi ni fundi wa viungo bandia. Natengeneza miguu. Nimefanya kazi hiyo miaka sita katika karakana moja karibu na Makupa: nachukua kwa plasta umbo la kisiki, kile kipande cha mguu kilichobaki, nachonga, kisha natengeneza kikombe, yaani ile sehemu ambayo kisiki kinaingia. Kikombe kikiwa kibaya, mguu wote ni bure. Ndiyo kazi iliyowafanya watu wa karakana moja ya Ujerumani wanitake. Nilikuwa nimeshawaarifu wakuu wangu kwamba naondoka mwisho wa Machi. Aprili nilitakiwa kuwa huko.

Barua iliyokuja na mkataba haikuzunguka. Sahihi yangu iwe imefika leo kabla ofisi yao haijafungwa saa kumi, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili jioni. Isipofika, nafasi inakwenda kwa mwombaji wa pili. Saa ya ukutani kwa Bi Mona ilionyesha saa nane na nusu.

"Mbodze," alisema Rahaf. "Siku ya mahojiano walikuuliza nini?"

Nikamweleza. Mwishoni kabisa, Bi Hartwig, mkuu wa karakana, alivua miwani akaniangalia vizuri. Akasema: tumekuuliza mengi tunayotarajia kutoka kwako, sasa wewe unatarajia nini kutoka kwetu? Naona katika fomu una mtoto. Je, utahitaji nyumba ya familia, au nafasi ya chekechea?

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia ahsante sana, msijisumbue, nitafurahi na chochote."

"Halafu?"

"Halafu nikangoja."

"Ulingoja nini?"

Kabla sijajibu, pazia lilisogezwa na Bi Mona akaingia na sinia. Kahawa, na kaimati zilizokuwa bado zinang'aa kwa shira.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshiba, Bi Mona, nimekula kabla sijaja." Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu alfajiri.

"Umekula kwa nani? Kwangu hujala." Sahani ikasogea.

"Basi nitakunywa kahawa tu."

"Kahawa tu anapewa mpita njia. Wewe ni mpita njia?" Sahani ikanigusa goti.

Nikachukua kaimati mbili. Akaniongezea tatu, akaketi kwenye kiti chake akiwa ameridhika. Nilipoinua macho, Rahaf alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeona nge kwenye kitanda.

"Ndivyo ulivyomfanyia yule Mjerumani," alisema taratibu. "Ulikuwa unangoja akusogezee sahani."

Nikairudisha kaimati kwenye sahani. Kweli. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta nikitabasamu, nikingoja aseme: la, Mbodze, tuambie, mtoto atalala wapi? Ningekataa mara ya pili kwa sauti ya chini, na mara ya tatu ningesema yote. Lakini Bi Hartwig alisema "Vizuri," akaandika kitu, akaniaga. Nami nikatoka pale nikijiona mtu mwenye adabu.

"Kuna nini?" aliuliza Bi Mona. Rahaf akamweleza kwa maneno machache.

"Kwani huko hawakaribishi watu?"

"Wanakaribisha, mama. Ila mara moja."

"Mara moja hiyo ni salamu," alisema Bi Mona.

Rahaf alitaka nipige simu Ujerumani pale pale. Mimi nikampigia kwanza Tony, wakala aliyepeleka karatasi zangu. Tony ana sauti ya mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi.

"Mbodze, sikiza. Usiwaanzishie madai siku ya mwisho. Kuna mwenzako aliyepita mahojiano yale yale, na hajaomba hata mto wa kulalia. Weka sahihi. Ukishafika utajieleza polepole."

"Mkataba unasema miaka mitatu, Tony."

"Mtoto ana nyanya, sivyo? Basi shida iko wapi?"

Nikampigia nyanya mwenyewe.

Mamangu alisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake nilimsikia Ketty akitembea kwenye saruji, ko, ko, ko, na nikajua amevaa vile viatu. Wiki iliyopita mama alimnunulia viatu vyeusi vya shule, vikubwa kuliko mguu wake, vya Januari ijayo. Nilimwuliza Januari ya nini, wakati mimi naenda naye. Alisema viatu vilikuwa vizuri tu, akaviona.

"Usiombe," alisema mama. "Weka sahihi."

"Mama, ni miaka mitatu."

"Mimi niliomba. Unajua niliomba nini? Simu, Ijumaa moja kwa mwezi, nisikie sauti yako. Nilimwomba mwajiri wangu kule Ghuba, mbele ya wageni wake, nikidhani ataona haya kunikatalia. Akacheka, akakubali. Wageni walipoondoka akachukua simu yangu, na sikuiona tena mwaka mzima. Mwajiri ukimwonyesha pale unapopenda, umemwonyesha pa kukushika. Ketty atakaa na mimi. Atashiba, atasoma."

Mamangu alifanya kazi za nyumbani Ghuba miaka sita. Aliporudi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Alishuka kwenye gari na sanduku la kijani, nami nikajificha nyuma ya shangazi yangu nikauliza yule mgeni atalala wapi. Alinisikia. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo, lakini kila mmoja wetu anajua kwamba mwenzake analikumbuka.

"Mimi siendi kama ulivyokwenda wewe," nilisema. "Mimi naenda na ufundi wangu."

"Mwajiri ni mwajiri," alisema mama, akakata simu.

Saa tisa na dakika kumi nilipiga Ujerumani. Aliyeshika simu alisema Bi Hartwig yuko na mgonjwa, atapatikana saa tisa. Saa tisa yao, yaani kumi na moja kwetu. Itabaki saa moja tu.

Sikumbuki vizuri jinsi muda ule ulivyopita. Rahaf alinifanyisha mazoezi ya maneno. Nyumba, chekechea, tarehe. Kila niliposema "ningeomba kama inawezekana" alinikatiza. "Usianze na kuomba. Ukiomba atasikia kwamba uko tayari kukosa."

"Na kama kweli watampa mwingine?"

Rahaf alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua. "Mimi sina mtoto, Mbodze," alisema. "Sitakwambia uongo kwamba najua."

Saa kumi na moja na dakika nane uso wa Bi Hartwig ulitokea kwenye kompyuta ya Rahaf. Alikuwa amesimama katika karakana yake, na mikono yake ilikuwa na vumbi jeupe la plasta mpaka kwenye viwiko. Sijui kwa nini vumbi lile lilinipa nguvu. Rahaf alijisogeza upande ambao haonekani. Bi Mona alibaki kwenye kiti chake na tasbihi, hakuna aliyethubutu kumwondoa.

"Umepata mkataba?" aliuliza Bi Hartwig.

"Nimeupata. Siwezi kuutia sahihi."

Aliweka chini alichokuwa amekishika. "Kuna kosa?"

"Kuna kosa langu. Uliponiuliza natarajia nini kutoka kwenu, sikukwambia kweli."

Uso wake ulibadilika. Haukuwa mkali, ulifunga tu, kama duka wakati wa swala. "Ulinidanganya?"

"Hapana. Niliona haya." Nikatafuta neno la Kijerumani la haya, hii ya kwetu, ya mtu kutojitanguliza, sikulipata. Maneno yote niliyofanyishwa mazoezi na Rahaf yalitawanyika. Nikabaki na kazi yangu tu, nikashika hiyo.

"Nikwambie habari ya mgonjwa mmoja," nilisema. "Mzee Gunga, wa Kibarani. Alikuwa mpagazi bandarini, akapoteza mguu kwa kisukari. Nilimtengenezea mguu wake wa kwanza. Nikamwuliza, unabana? Akasema haubani, mwanangu, mguu huu mtamu kuliko niliozaliwa nao. Nikamwamini, nikamruhusu aende. Baada ya wiki mbili alirudi amebebwa. Soksi ilikuwa imegandana na kidonda. Nikamwuliza, mzee, kwa nini hukuniambia? Akasema, ulikuwa umeutengeneza kwa bidii sana, ningekuvunja moyo vipi?"

Bi Hartwig alisogea karibu na kioo.

"Tangu siku ile nauliza mara tatu. Kwetu jibu la kwanza ni adabu, na la pili ni kumpima anayeuliza. La tatu ndilo la mguu wenyewe. Uliponiuliza, nilikupa jibu la kwanza. Nilikuwa nangoja uniulize tena."

Kule nyuma yake mashine ilikuwa inasaga kitu, ikazimwa. Nilisikia tasbihi ya Bi Mona, punje moja, punje nyingine.

"Sisi tunauliza mara moja," alisema mwishowe. "Mtu akisema hapana, tunaandika hapana. Kumwuliza tena ni kama kumwambia hajui anachosema. Niliandika jibu lako kwa sababu nilikuheshimu."

Hilo sikuwahi kulifikiria. Wiki tatu nilikuwa nimemwona mtu baridi, kumbe naye alitoka pale akijiona mtu mwenye adabu.

"Tulikuwa na fundi hapa," aliendelea, "naye alitoka mbali kama wewe. Kila wiki nilimwuliza, uko sawa? Kila wiki alisema yuko sawa. Novemba aliacha funguo juu ya meza, akaondoka. Mpaka leo sijui tulimkosea nini." Akajipangusa mkono kwenye aproni. "Basi nakuuliza mara ya pili. Unatarajia nini kutoka kwetu?"

Msijisumbue. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, tayari, na tabasamu lake. Nililimeza.

"Natarajia kuishi na mtoto wangu," nilisema. "Sisemi siku ya kwanza. Naweza kutangulia nikapanga mambo. Lakini tarehe yake iandikwe ndani ya mkataba. Natarajia nyumba ambayo ataruhusiwa kulala, na mtu wa kunisaidia kumpatia chekechea, kwa sababu sijui milango ya huko. Nikipata hayo, hutanisikia nikilalamikia kazi."

"Na usipoyapata?"

Bangili za Rahaf zilikuwa zinagongana kidogo kidogo. Zikaacha.

Sikuwa nimepanga kusema. Sikuwa nimelisema hata moyoni. "Nisipoyapata siji."

Bi Hartwig alitazama saa iliyokuwa mahali fulani juu ya kichwa changu. "Nyumba si mimi ninayeamua. Ni mkurugenzi, na Ijumaa anaondoka mapema. Mwombaji wa pili hakuomba kitu."

"Najua."

"Siwezi kukuahidi lolote. Nikifanikiwa nitakuandikia kabla ya saa kumi. Usipoona barua, ujue nimeshindwa."

Kioo kikawa cheusi, nikajiona mwenyewe ndani yake na sukari ya kaimati kwenye kidevu.

Saa kumi na moja na nusu Tony alipiga. Sikushika. Akapiga tena. Rahaf akaigeuza simu kifudifudi juu ya mto. Nilihesabu nilivyonavyo: kazi niliyokwisha kuiaga, cheti cha Kijerumani nilichokipata kwa kukaa darasani jioni huku maziwa yakinivuja kwenye blauzi, mama mwenye miguu inayovimba. Na mdomo wangu, ambao ulikuwa umetupa vyote hivyo mezani kwa sentensi ya maneno mawili.

"Ningenyamaza pale mwisho," nilisema. "Kwa nini nimesema siji?"

"Kwa sababu huendi," alisema Bi Mona bila kufungua macho.

Saa kumi na mbili ilifika. Hakuna kitu. Rahaf akafunga ukurasa, akaufungua. Dakika tatu. Dakika sita. Alisema saa ya kompyuta hii huwa inakwenda mbele, na sote tulijua haiendi mbele. Nilianza kukusanya karatasi zangu, nikiziweka moja juu ya nyingine, pembe kwa pembe, kwa sababu mikono ilitaka kazi.

Dakika ya tisa, barua iliingia.

Bi Hartwig aliomba radhi kwa kuchelewa. Alikuwa amemkimbilia mkurugenzi mpaka kwenye gari lake. Kifungu cha tisa kimeandikwa upya. Nyumba ya vyumba viwili haitapatikana mpaka Desemba, kwa hivyo kazi yangu haitaanza Aprili bali Septemba, ili nisitengane na mtoto miezi minane. Septemba mpaka Novemba nitakaa katika chumba kimoja, peke yangu. Kuanzia Desemba nyumba ni yangu na mtoto anaweza kuja, na karakana itanisaidia kumtafutia chekechea. Septemba ni mbali, aliandika, na hakuweza kupata tarehe ya karibu zaidi. Mwisho kabisa: kama bado kuna panapobana, sema leo.

Palikuwa panabana. Kutoka Machi mpaka Septemba sikuwa na kazi, na sikujua kama wakuu wangu watanirudisha. Na miezi mitatu bila Ketty si kitu cha kutabasamia. Lakini ilikuwa na mwanzo na mwisho, na jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi zote. Nikamwambia Rahaf anipe kalamu ya kuandikia kwenye kioo cha kompyuta. Niliweka sahihi.

Nilichukua tuktuk mpaka Makupa. Malori yalikuwa yamejipanga kuelekea daraja, honi juu ya honi, lakini kichochoro chetu kilikuwa kimya. Ketty alinipokea mlangoni na viatu vyeusi, akakagua kamba zangu. "Hukuzifungua," alisema, akaenda zake, ko, ko, ko.

Mama alikuwa kwenye mkeka, akichambua mchele.

"Umeweka sahihi?"

"Nimeweka."

"Na Ketty?"

"Atanifuata Desemba. Imeandikwa."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo, kisha ukaendelea. "Vizuri," alisema. "Ni vizuri sana. Kumbe uliomba." Akatoa kijiwe, akakitupa. "Basi vile viatu tutampa mtoto wa jirani."

"Uko sawa, mama?"

"Niko sawa."

Ningeweza kuishia hapo. Miaka yote nimekuwa nikiishia hapo. Nilivua viatu bila kufungua fundo, nikakaa mkekani mbele yake.

"Kweli uko sawa?"

"Nimeshakwambia. Nenda kaoge, una vumbi."

Nikamshika kifundo cha mguu, kama ninavyomshika mgonjwa anayesema haubani. Ulikuwa umevimba, na wa moto.

"Wapi panabana, mama?"

Ungo aliuweka chini. Alimwangalia Ketty, aliyekuwa akizunguka chumba akijitahidi viatu visimtoke.

"Wewe nilikukuta umeshakua," alisema. "Nikasema huyu nitamwona akikua. Nitamwona kila siku, mpaka anichoke."

Nilisogea karibu naye, ungo ukiwa kati yetu, nikachukua mchele kiganjani nikaanza kuchambua.

"Haya, niambie unataka nini," nilimwambia. "Lolote. Tuna mpaka Septemba."